Orodha Ile Haikuwa na Jina Langu

Gauni lilikuwa la kipaimara cha mwanangu wa tatu, kitenge cha bluu chenye maua ya dhahabu, mikono ya puto. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Majengo hapa Moshi, na mwili wangu naujua kwa inchi. Nguo zangu mwenyewe nazikata bila kushika futi. Ilikuwa Februari 2022. Nilipolijaribu, dati ya kushoto, ule mkunjo wa kifuani unaoshonwa ufuate ziwa, ilikataa kulala. Nikaifumua, nikaishona upya, ikakataa tena. Begani limekaa, kiunoni limekaa, ila ncha ya dati ile inaelekea mahali pasipo na kitu. Nikalivua, nikasimama na sidiria mbele ya kioo cha wateja. Ziwa la kushoto lilikuwa limepanda kama nusu inchi kuliko la kulia, na chuchu yake imegeukia kwapani kidogo, kama kitambaa kilichovutwa na uzi mmoja kwa ndani.

Unajua nilifanya nini? Nilihamisha dati. Nikashona gauni lifuate ziwa, nikaenda kanisani, nikala pilau, nikacheza mduara hadi jioni. Watu wakanisifia mshono.

Miezi saba iliyofuata niliipoteza, na siwezi kusema nilikuwa sijaambiwa. Nilikuwa nimeambiwa vizuri tu. Mwaka mmoja kabla, akina mama wa parokia tuliitiwa semina, akaja muuguzi mmoja mcheshi akatueleza saratani ya matiti na vitu vinavyoongeza hatari yake. Alivitaja kimoja kimoja huku akikunja vidole: umri kusogea, kuvunja ungo mapema kabla ya miaka 12, kuchelewa kukoma hedhi hadi baada ya miaka 55, kutozaa kabisa au kuzaa mtoto wa kwanza baada ya miaka 30, kutonyonyesha, pombe, unene baada ya kukoma hedhi, kukaa bila mazoezi, na kuwa na mama au dada aliyewahi kuugua. Yote aliyosema ni kweli. Shida ilikuwa jinsi nilivyoyasikiliza. Kila alipokunja kidole mimi nilikuwa najipima, kama mtu anayesubiri kusikia jina lake likisomwa.

Halikusomwa. Nimezaa wanne, wa kwanza nikiwa na miaka 23, na kila mmoja amenyonya miaka miwili kamili. Nilivunja ungo nikiwa na 15. Pombe siionji. Nilikuwa na kilo 56, na kila siku natembea kwa miguu kwenda kibandani na kurudi. Mama yangu mzazi yuko hai, maziwa yake salama. Mama yake alikufa na uzee wake. Kidole kimoja tu kilinigusa, cha umri, maana nilikuwa na miaka 43, na hicho nikakiona cha kila mtu.

Halafu nikageuka kumtazama dada yangu Anna, aliyekaa safu ya nyuma yangu. Anna ana miaka minane zaidi yangu. Hakujaliwa mtoto. Anapika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, kule nyumbani Kibosho, na mpishi wa mbege lazima aonje, asubuhi kata moja, mchana kata nyingine, jioni anakaa na wateja. Kilo zake zilikuwa karibu na mia. Nikamwonea huruma pale kwenye benchi. Niliporudi nyumbani nikamwambia mume wangu, "Dada Anna ajiangalie sana." Sentensi hiyo bado inanichoma.

Basi dati ilipokataa, mimi nilikuwa nimeshajipa cheti cha kinga.

Mwezi wa Juni nikagusa kitu wakati naoga. Kigumu, kama gololi iliyogandishwa kwenye udongo, maana haikutelezea vidole, ilikuwa imeshika. Haikuuma. Hilo la kutouma ndilo nililojifariji nalo zaidi, na wanawake wengi niliokutana nao baadaye kwenye foleni waliniambia hivyohivyo: "Lilikuwa haliumi, mama." Maumivu siyo kipimo. Uvimbe mwingi wa saratani ya titi hauumi mwanzoni, na matiti mengi yanayouma kila mwezi hayana kitu.

Nilikwenda duka la dawa, nikapewa amoksilini. Nikamaliza dozi, gololi ipo. Nikaenda zahanati moja, sitaitaja. Aliyenipokea alinigusa juu ya blauzi, akasema ni uvimbe wa homoni, wanawake wa umri wangu wanao, akaniandikia vitamini E na kuniambia utayeyuka. Akaniuliza pia kama nimenyonyesha. Nilipomjibu watoto wanne miaka miwili miwili, alicheka kwa furaha kabisa: "Sasa wewe mama una wasiwasi wa nini?" Kumbe naye alikuwa na orodha ileile kichwani. Nilitoka pale mwepesi. Nililipa elfu kumi na nane kwa kudanganyika, na bado nilimwachia asante.

Ukikutwa na hali hiyo, kitu cha kudai ni kipimo. Mkono wa mtu hauwezi kusema uvimbe ni wa nini, hata uwe mkono wa profesa. Omba altrasaundi, ukiwa umevuka 40, uliza na mamografia, yaani eksirei ya matiti. Uvimbe ukionekana wa kutiliwa shaka, unatolewa kinyama kwa sindano kikapimwe maabara. Mpaka kinyama kijibu, maneno mengine yote ni kubahatisha. Na usisubiri gololi. Ngozi kubonyea kama ganda la chungwa, chuchu kuingia ndani au kutoa damu, ziwa kubadili umbo au kimo, uvimbe kwapani, hayo nayo ni ya kwenda nayo hospitali. Mimi ziwa lilinipa taarifa kwa dati, miezi minne kabla ya vidole.

Aliyenikamata ni Anna. Septemba alishuka mjini kuchukua kitenge chake, akanikuta nyuma ya pazia nabadilisha blauzi. Hakusalimia. Alilisogeza pazia, akalitazama ziwa, akanitazama usoni.

"Tangu lini?"

"Ni homoni, dada. Nimeshapewa dawa."

"Nimekuuliza tangu lini."

Nikamwambia. Akaweka kitenge chake mezani, akazima pasi yangu ya umeme kwa mkono wake. "Funga kibanda." Nilikuwa na gauni la harusi la Jumamosi kwenye mashine, sindano bado imo kwenye kitambaa. Nililiacha hivyohivyo.

Vipimo vilichukua wiki tano. Sindano ya kutoa kinyama usiiogope. Wanakupiga ganzi, kisha kuna mlio kama wa stepla, tak, mara nne kwangu, na jioni nilikuwa napika. Kinachotesa ni kusubiri. Nilikuwa sina bima, kwa hiyo kila hatua ilianzia dirisha la malipo na kontrol namba. Altrasaundi, mamografia, kinyama, picha ya kifua, damu: kabla hata ya kuitwa mgonjwa nilikuwa nimeshatoa zaidi ya laki tano, na laki mbili kati ya hizo zilikuwa za mtaji wa vitambaa. Kosa langu jingine lilikuwa kutokuuliza mapema kinyama kitapimwa nini. Majibu ya kwanza yalisema ni saratani, basi. Daktari akasema bado anahitaji kujua vipokezi vya homoni, yaani kama uvimbe unaitikia homoni za mwili, na ile protini wanayoiita HER2, kwa sababu dawa zinachaguliwa kwa hivyo. Nikalipa tena, nikasubiri wiki mbili tena. Wewe uliza siku hiyohiyo ya sindano: "Vipokezi vimo?" Na kila karatasi toa nakala. Faili linaweza kupotea. Langu lilipotea mara moja, likaonekana siku ya pili chini ya faili la mtu mwingine.

Daktari tuliyempata alikuwa kijana wa makamo, mpole, mwenye tabia ya kuchora anapoongea. Aliniuliza yaleyale ya semina, kidole kwa kidole, anaandika. Nilijibu kwa sauti ya mtu anayelalamikia risiti. Alipomaliza nikamuuliza, "Daktari, sasa mimi nimekosea wapi?"

Akaweka kalamu. Akaniambia kitu ambacho kama kingesemwa kwenye ile semina pengine ningeshona gauni jingine kabisa. Alisema Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba karibu nusu ya saratani za matiti huwapata wanawake wasio na sababu yoyote ya pekee ya hatari, isipokuwa kuwa wanawake na kuvuka miaka 40. Karibu nusu! Mwaka huohuo wa 2022, kama hesabu za shirika hilo zilivyokuja kutolewa baadaye, walioambiwa wana ugonjwa huu duniani walikuwa wanawake wapatao milioni 2.3. Gawanya mwenyewe.

Nikamuuliza, na kunyonyesha kwangu kote? Akasema hakukupotea. Kuna utafiti mkubwa uliochapishwa 2002, uliokusanya tafiti 47 za nchi 30, ukakuta kila miezi 12 ya kunyonyesha inapunguza hatari kwa asilimia 4.3, na kila uzazi wenyewe unapunguza kwa asilimia 7. Akapiga hesabu pembeni ya karatasi: miaka minane ya kunyonyesha, uzazi wanne. Ukinilinganisha na mwanamke ambaye hakuzaa, nilikuwa nimepunguza hatari karibu nusu. "Sasa mama," akasema, "nusu iliyobaki nayo ni hatari."

Nilielewa zaidi aliponieleza hizo homoni zinafanya nini. Chembe za ziwa zinaitikia estrojeni, homoni ya kike. Kila mwezi hedhi inapokaribia, zinaambiwa zijiandae, zinagawanyika, kila moja inajinakili. Nikamwambia hiyo naijua. Patani ya gauni ukiinakili kutoka kwenye patani iliyonakiliwa kutoka kwenye patani, siku moja shingo inahama na hujui ilihama lini. Akafurahi sana, akasema atawaambia wanafunzi wake. Ndiyo maana miaka mingi ya hedhi, yaani kuvunja ungo mapema na kukoma kwa kuchelewa, inaongeza hatari: nakala zinakuwa nyingi. Mimba na kunyonyesha vinazikomaza chembe na kupunguza miezi ya kunakili. Na unene baada ya kukoma hedhi unaingia hapo kwa sababu ovari zikishastaafu, mafuta ya mwili ndiyo yanaendelea kutengeneza estrojeni. Lakini shingo inaweza kuhama kwenye nakala ya kumi kama inavyoweza kwenye nakala ya mia. Ukinakili mara chache, umepunguza tu nafasi za kukosea.

Anna alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, mkoba mapajani. Hakuuliza kitu.

Nyumbani kulikuwa na baraza la kutafuta mkosaji. Mama mkwe wangu alisema ni sindano za uzazi wa mpango, nilizochoma miaka mitano. Hili nilimpelekea daktari kwa sababu lilinitia hofu kweli. Jibu lake halikuwa ndiyo wala hapana, na nilimheshimu kwa hilo. Njia za homoni zinaongeza hatari kidogo wakati unazitumia, na ukiacha inashuka. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2017, uliofuatilia wanawake milioni 1.8, ulipata wagonjwa wa ziada wapatao 13 kwa kila wanawake 100,000 kwa mwaka. Mimi nilikuwa nimeacha zaidi ya miaka kumi. Kumi na watatu katika laki moja. Ukilinganisha na mimba zinazoua wanawake, kila mtu apime na daktari wake. Sikumweleza mama mkwe hesabu zote hizo. Nilimwambia, "Mama, daktari amesema hapana," akanyamaza, tukala.

Jirani yangu yeye alishika la pesa. Wanawake wa sokoni tunaweka noti kwenye sidiria, sarafu pia, na simu ndogo. Akaapa kwamba ndiko ilikotoka. Wengine wakasema sidiria nyeusi, wengine marashi ya kwapa. Hakuna kati ya hivyo kilichothibitika kusababisha saratani. Pesa ya sidirani nimeacha kwa sababu nyingine, ina jasho na wateja wananiangalia. Na uchawi ulitajwa, ndiyo, kwa sauti ya chini, na aliyetajwa ni dada yangu. Kwamba hana mtoto na mimi ninao wanne. Watu wazima wenye akili zao walisema hivyo, kwenye nyumba ambayo Anna ndiye aliyekuwa analipa nauli zangu.

Aliyasikia. Siku moja baada ya dripu ya pili ya kemo, ile nyekundu inayogeuza mkojo rangi, nilikuwa nimelala kwenye mkeka sebuleni kwake Kibosho kwa sababu kitanda kilikuwa kinazunguka. Anna alikuwa ananipikia mtori mlangoni, mgongo kwangu. Akasema bila kugeuka:

"Ingekuwa haki, ningeugua mimi."

Sikujua la kumjibu. Nilitaka kusema usiseme hivyo, dada, lakini nilikumbuka ile semina, nilivyogeuka kumtazama. Mimi nilikuwa nimeshasema hivyohivyo kabla yake, ila nilikuwa nimesema kwa huruma. Basi nikamsimulia. Nikamweleza nilivyomhesabia vidole, nilivyomwambia mume wangu. Alikoroga mtori muda mrefu. Mwisho akasema, "Najua. Nilikuona ulivyogeuka." Akanipa bakuli.

Baada ya hapo ndipo alipokubali kupimwa na yeye. Mamografia yake ilikuwa safi. Karani wa pale alimwambia, "Hongera," naye akalia machozi kwenye korido kwa namna ambayo niliielewa na sikuielewa. Daktari yuleyule alimwambia kwa upole kwamba safi ya leo siyo ya milele, arudie kama atakavyopangiwa, na la pombe akamwambia waziwazi. Vileo viko kwenye kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani, tangu 1988, na kwa ziwa, kila gramu kumi za kileo kwa siku, kiasi cha robo lita ya bia hivi, zinaongeza hatari kwa karibu asilimia 7. Pombe ya kienyeji haina msamaha. Anna akabisha: "Mbege ni chakula, daktari, ni ndizi na ulezi." Sasa anaonja kwa ncha ya ulimi na kutema, kama wale wanaoonja kahawa, na wateja wanamcheka. Jioni anakaa nao na chupa ya maji. Mara nyingine hakai na maji. Mimi si polisi wake.

Kuhusu kutozaa, alijibiwa kwa habari moja iliyompa nafuu ya ajabu. Mwaka 1713 huko Italia tabibu aitwaye Bernardino Ramazzini aliandika kwamba masista wanaugua saratani ya matiti kuliko wanawake wengine. Jambo hili kwa hiyo lina zaidi ya miaka mia tatu linajulikana, na hakuna aliyewahi kuwaita masista wale wachawi. Siku hiyo kwenye foleni walikuwepo masista wawili mbele yetu. Anna akaninong'oneza, "Tuko kundi moja na hawa," akakaa wima zaidi.

Tiba sitaisimulia yote, kila mtu na yake. Kemo, kisha Machi 2023 ziwa likatolewa, kisha mionzi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, wiki nilizolala kwa mpwa wa mume wangu Kimara na kupanda mwendokasi kila asubuhi. Kwa kuwa uvimbe wangu ulikuwa na vipokezi vya homoni, sasa nameza tamoksifeni, kidonge cha kuzuia estrojeni isifanye kazi kwenye ziwa, kila siku, kwa miaka isiyopungua mitano. Kilichotumaliza kifedha kilikuwa nauli, kulala ugenini, na siku ambazo mashine haikuzunguka. Mkono wa upande uliokatwa ulivimba baada ya mimi kurudi mapema kwenye pasi na mkasi mzito. Ukiambiwa mazoezi ya bega na kutobeba vizito, fanya.

Kitu kimoja cha ufundi nikiseme. Ziwa la bandia la dukani sikulimudu, na la sponji linapanda juu shingoni kwa sababu halina uzito. Nikashona mfuko wa pamba laini wenye umbo la tone, Anna akanipa ulezi wa mbege, nikajaza hadi mizani ikasoma sawa na kile nilichokadiria upande wa pili. Ulikaa vizuri kabisa, unaning'inia kama ziwa. Kisha nikaufua bila kutoa ulezi, nikauanika kivulini, siku ya tatu umeota kimea. Nilicheka peke yangu hadi nikakaa chini. Sasa ulezi naukaanga kwanza, naufunga kwenye kifuko cha ndani kinachotoka, na nimeshawashonea wanawake kumi na mmoja niliokutana nao kliniki. Dati zao zote zinalala.

Lakini kulikuwa na swali moja la daktari ambalo nililijibu vibaya, na sikujua. Aliniuliza, "Kwenu kuna mwingine?" Nikajibu hapana, mama mzima, bibi alikufa na uzee wake. Baadaye, kwenye kliniki ya kurudia, akauliza tena: "Na upande wa baba?" Nikashangaa. Baba ana ziwa gani? Akanieleza kwamba kati ya saratani hizi, 5 hadi 10 katika kila 100 zinatokana na urithi, na zinazojulikana zaidi ni hitilafu kwenye jeni mbili, BRCA1 na BRCA2. Mwanaume anayebeba hitilafu hiyo anaweza asiugue maisha yake yote, na kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Shangazi anahesabika sawasawa na mama mdogo. Nilimjua shangazi mmoja tu aliye hai. Mwingine, aliyeolewa Rombo, alikufa nikiwa mdogo, na kwetu hatajwi.

Desemba 2023, ukoo wote ulipopanda nyumbani mlimani kwa sikukuu kama kawaida yetu, nilipeleka daftari langu la vipimo. Huku mbele kuna vifua na viuno vya wateja. Nikageuza nyuma, nikachora safu: jina, ugonjwa, umri alipoanza, upande. Nilianza na mama, akanipa ya kwao bila shida. Nilipofika kwa yule shangazi wa Rombo, watu wakaanza kusifia nyama. Ni bibi mzaa baba, ambaye haoni vizuri na tulidhani amesinzia, aliyesema: "Alikuwa na donda la ziwa. Miaka 38. Tuliliweka majani, likanuka, akafungiwa chumba cha nyuma. Mumewe akasema karogwa." Kisha akaongeza kwamba binti wa huyo shangazi, yule aliyeko Mombasa, naye "alipasuliwa kifua", na kwetu tuliambiwa ni mapafu.

Niliandika yote mawili. Mkono ulikuwa unatetemeka kwa hasira, si kwa bibi. Ningekuwa na mistari hiyo miwili kichwani siku ya semina, jina langu lingesomwa.

Binti yangu Neema anasomea uuguzi, na yeye ndiye aliyeuliza la maana kwa daktari: aanze lini? Kawaida kwa familia kama yetu, alisema, wanahesabu miaka kumi nyuma ya umri wa aliyeugua akiwa mdogo zaidi. Shangazi 38, kwa hiyo Neema 28. Na asitishike na maneno "hatari mara mbili": kama katika wanawake mia wa umri fulani angeugua mmoja, mara mbili ni wawili, na tisini na wanane wanaendelea na shughuli zao. Ikithibitika hitilafu ya BRCA, hesabu hiyo inapanda sana, ndiyo maana kuna kipimo cha jeni. Mimi bado sijakifanya, nakiwekea akiba.

Usiku ule wa daftari watu walipotawanyika, baba mdogo alibaki amekaa. Ana miaka 67, amewahi kuwa katekista, hazungumzi mambo ya mwili. Alinisubiri nifunge kalamu.

"Mwanangu, hiyo safu yako, wanaume hawaandikwi?"

"Wanaandikwa, baba. Wanaume wanaugua, ni wachache, labda mmoja katika wagonjwa mia, au chini ya hapo."

Akafungua vifungo viwili vya shati. Akaniwekea kidole changu mwenyewe nyuma ya chuchu ya kulia. Gololi, imeshika.

"Haiumi," akasema.

Siku ya kwanza ya kliniki baada ya sikukuu, saa kumi na mbili asubuhi, tulikuwa kwenye foleni, yeye kavaa koti lake la kanisani, Anna upande mmoja, mimi upande mwingine na nakala zake kwenye bahasha. Karani alitoka na faili la kwanza, akaita jina la ukoo wetu, akatanguliza "Mama". Baba mdogo akasimama.